Vya Pembeni vya Salmoni

Sauti ya Elie ilitufikia jioni, tukiwa ndiyo kwanza tumemaliza rozari. Godeliva, binti yetu, aliweka simu katikati ya mkeka na kuongeza sauti. Yeye, mama yake Pelagia na mimi tukainamisha vichwa kana kwamba bado tunasali.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," ilisema simu. "Jumamosi nafika hapo Heru Juu. Mnanijua, mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nakuja na Salmoni. Yeye ndiye atakayenisemea. Amezoea baridi ya huku Norwe, akifika msimwache akae juani. Na msihangaike na makubwa. Mwandalieni tu vya pembeni. Sisi huku huwa tunamwekea viazi."

Pelagia alipiga kigelegele palepale. Mimi nilifanya ishara ya msalaba, nikaona machozi yananitoka.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Dada yangu mkubwa, Leokadia, anakaa Busunzu, kule Kibondo. Watoto wangu wanamwita Senge, ndiyo shangazi kwa Kiha chetu, na sisi wakubwa nasi tumezoea kumwita hivyo. Katika ukoo wetu binti haolewi mpaka Senge akubali. Na kuhusu Elie, Senge alikuwa amesema neno moja tu: asipoleta mshenga, asahau.

Hakuwa na ubaya na kijana mwenyewe. Elie ni Mkongomani. Alizaliwa na kukulia kambi ya Nyarugusu, akaondoka na wazazi wake kwenda Norwe, na sasa anafanya kazi kiwandani huko. Mwaka juzi alikuja kumtembelea baba yake mdogo, Mulenda, ambaye bado yuko kambini, akamwona Godeliva akiuza maharage sokoni. Alinunua maharage kila siku, mpaka Mulenda akamwuliza kama anafungua shule ya bweni.

Tatizo lilikuwa mshenga tu. Binti wa kwanza wa Senge aliolewa na mtu aliyekuja kujisemea mwenyewe, kwa maneno matamu kama asali ya Kibondo, na ndoa ilipoyumba hapakuwa na wa kumwuliza. "Mshenga namtaka kwa sababu moja," Senge alikuwa akisema. "Nijue mlango wa kwenda kugonga siku mambo yakiharibika." Na Elie hakuwa na mtu. Wenzake wa kambini walikuwa wametawanyika duniani kote. Mulenda asingefaa, maana ni mzazi, na mzazi hawezi kuwa mshenga wa mwanawe. Tulisali novena kwa ajili hiyo. Sasa Bwana alikuwa amejibu, na jibu lilikuwa linaitwa Salmoni.

"Hilo ni jina la kwenye Maandiko," nikawaambia. "Lazima ni mtu wa sala."

"Ndiye anayeshinda naye kazini, baba," alisema Godeliva. "Kila nikimpigia ananiambia, subiri kidogo, niko na salmoni hapa."

Nilitaka kumpigia Elie nimwulize mgeni wake ana umri gani na anakunywa nini. Pelagia akaninyang'anya simu. Upande wa binti haumchunguzi mshenga kabla hajapiga hodi, si adabu. Nikampigia Mulenda badala yake.

"Miye siyamuona bado, Papa Godeliva," alisema Mulenda. "Lakini Elie iko na patron moja ya kazi, muzungu munene sana. Itakuwa njo ule."

Basi tukajua tunapokea bosi.

Lililotusumbua ni lile neno la vya pembeni. Pelagia alilirudia usiku kucha. Vya pembeni ni nini? Mimi ni fundi seremala, na kwa fundi seremala jambo hilo ni wazi. Mgeni mheshimiwa anakaa kwenye kochi, na vya pembeni ni stuli, moja kulia aweke chai, moja kushoto aweke simu na miwani. Nilikuwa na mbao nzuri za mninga nilizozihifadhi kwa kazi maalumu. Nikatengeneza stuli mbili, nikazichonga miguu kama ya swala, nikazipaka vanishi. Wakati napiga msasa nilikuwa namwombea mtu yule nisiyemjua, ulimi wake uwe mwepesi na moyo wa Senge uwe laini.

Senge mwenyewe alifika Ijumaa na gunia la viazi vitamu. Kutoka Busunzu hadi mjini Kibondo alilipakata kwenye bodaboda, na ndani ya basi alimgombeza kila aliyeligusa.

"Mzungu mzima anayeomba viazi!" alisema, akishuka na kujinyoosha kiuno. "Huyo kalelewa. Wengine wangetuambia tumchinjie ng'ombe. Na hizo stuli ndizo zake?"

"Ndizo, dada."

Alizizunguka, akaigusa moja, kidole kikanasa. "Vanishi haijakauka, Reverien."

"Itakauka, kwa uwezo wa Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi. Iweke kwenye upepo."

Likabaki suala la mazungumzo. Kiingereza changu cha darasa la jioni kilikuwa kimefika kwenye majina ya matunda, na sikuona namna ya kumkaribisha mshenga kwa maembe na mananasi. Ndipo nikamwendea Nurudini, mwenye duka la vitambaa mjini Kasulu. Nurudini ameishi Tanga, ameishi Dar es Salaam, na hakuna binadamu anayeingia dukani kwake akatoka bila kucheka na bila kitambaa. Nikamwomba aje kukaa karibu na mgeni, amchangamshe. Akakubali kabla sijamaliza.

Jumamosi tuliamka na baridi nzuri. Kochi tuliliweka mahali penye kivuli kuliko pote sebuleni, chini ya dirisha, pazia likiwa limefungwa. Stuli zikakaa kulia na kushoto. Pelagia aliongeza beseni la maji ya kisimani mbele ya kochi, ili mtu wa baridi akizidiwa aweke miguu. Nurudini alikuja na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na kofia mpya.

"Leo umependeza, sheikh," nilimwambia.

"Sasa nisipendeze, ndugu yangu?" alijibu, akakaa. "Muislamu mwenzangu anatoka mbali hivyo!"

Sikupata nafasi ya kumwuliza ana maana gani. Gari lilikuwa limesimama nje.

Alishuka Mulenda, akiwa na kofia na tai nyekundu. Akashuka Elie, mrefu, mwembamba, suti imejaa vumbi la njiani. Wakashirikiana kushusha boksi jeupe lililofungwa kwa utepe, wakalibeba mpaka ndani, wakaliweka sakafuni. Sisi tuliwapokea, tukawapa pole ya safari, huku shingo zetu zote zimeelekea kwenye gari. Dereva alifunga mlango. Akageuza. Akaondoka.

"Karibuni sana," nilisema. "Na mgeni wetu? Salmoni?"

"Huyu hapa, baba," alisema Elie, akapigapiga boksi kwa upole.

Sote tuliligeukia boksi.

"Humo?" aliuliza Senge.

"Ndiyo, Senge. Samahani, ilibidi nimkunje kidogo."

"Yesu, Maria na Yosefu!" Senge alisimama, mikono kichwani. "Wametuletea marehemu!"

Elie, masikini, alidhani dada yangu anaogopa chakula kilichooza. Akaharakisha kumtuliza. "Usiwe na wasiwasi, Senge. Ni kweli alikufa wiki iliyopita, lakini hajaharibika hata kidogo. Nilimkata kichwa mwenyewe, nikamsafisha tumbo, nikamweka kwenye barafu."

Pelagia alikaa chini. Mimi nilishika rozari mfukoni, na sala pekee iliyonijia ilikuwa ya marehemu. "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nilianza kunong'ona, na Mulenda, aliyekuwa amemfuata Elie tangu Kigoma bila kuuliza lolote, akavua kofia na kuitikia.

Elie akafungua kifuniko. Barafu ilikuwa karibu yote imekuwa maji. Katikati yake alilala samaki mkubwa, urefu wa mkono wangu mzima, ngozi inang'aa kama sufuria mpya. Pale alipokatwa kichwa, nyama yake ilikuwa na rangi ya karoti.

Wa kwanza kucheka alikuwa Nurudini. Alicheka mpaka akaegemea stuli, na alipotaka kuinuka, mkono wa kanzu ukabaki umenasa kwenye vanishi. "Mimi nilisikia Suleimani!" alilia. "Nimepiga kanzu pasi tangu alfajiri kwa ajili ya samaki!"

"Salmoni ni samaki?" aliuliza Mulenda. "Elie, weye! Si useme saumon kwa Kifaransa! Miye nilijua ni patron wako!"

Kicheko kikasambaa. Pelagia alicheka akiwa palepale chini, mimi nikacheka, na nyuma ya mlango wa jikoni nikamsikia Godeliva naye anacheka. Senge hakucheka. Alisubiri mpaka tumemaliza, akarekebisha kitenge chake, akamtazama Elie.

"Mwanangu," alisema, "ulisema huyu ndiye atakusemea."

"Ndiyo, Senge. Nilidhani... Kule tunawafunga samaki hawa kwenye maboksi kutwa nzima, wanakwenda dunia nzima, na kila mtu anasema hakuna zawadi kama salmoni. Nikaona nikija na zawadi kama hii, maneno hayatahitajika."

"Sawa. Tukimla leo, na kesho kutwa mkagombana huko kwenye barafu, mimi nitamrudia nani? Nitakwenda kugonga mlango wa samaki?"

Elie alirudisha kifuniko cha boksi.

"Sina ugomvi na wewe," Senge aliendelea. "Mtoto mzuri, una heshima. Mle, mpumzike. Lakini posa leo hapa haipo. Mshenga ni mtu."

Jikoni, kicheko cha Godeliva kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Likizo ya Elie ilikuwa fupi, na akirudi Norwe bila jibu, kuja tena kungekuwa mpaka apate nyingine. Wote tulilijua hilo. Nilitoka uani, nikasimama kwenye migomba, nikamwambia Mungu: Bwana, tulikuomba mshenga ukatuletea kitoweo. Sikulalamiki, ila naomba unieleze.

Pelagia hakusubiri maelezo. Samaki aliyeyeyukiwa barafu hangoji kikao. Alimchukua akampeleka jikoni, na hapo likazuka jingine. Hakuna aliyejua anapikwaje isipokuwa Elie, na mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata awe bado hajakubaliwa. Ikabidi Elie asimame uani akiwa amegeukia ukuta, Pelagia abaki jikoni, na mimi nisimame mlangoni nikipeleka maneno huku na huku.

"Mwambie mama amkate vipande, chumvi na limao tu," alisema Elie.

"Chumvi na limao tu," nikapeleka.

"Na mawese?" aliuliza Pelagia.

"Anauliza na mawese?"

"Asiweke, baba. Ana mafuta yake mwenyewe."

"Nyanya je? Kitunguu?" Pelagia alikuwa ameanza kuudhika. "Mwulize ni mgonjwa gani tunampikia."

Hilo sikulipeleka.

"Mwambie amkaange ngozi ikiwa chini, muda mfupi tu," alisema Elie. "Katikati abaki mbichi kidogo."

Nilipeleka, kwa sauti ndogo.

"Mwambie," alisema Pelagia, "katika nyumba hii hakuna anayebaki mbichi katikati."

Nikaangalia ndani. Godeliva alikuwa ameshika sahani tupu kifuani, macho mekundu. "Baba," alisema, "mwambie asiondoke." Hilo nililipeleka, na Elie, akiwa bado ametazama ukuta, akaitikia kwa kichwa.

Wakati chakula kinaiva, Pelagia aliijaza meza kwa vyakula alivyokuwa ameandaa tangu asubuhi kwa ajili ya bosi mnene: ugali wa muhogo, maharage, sombe ya kisamvu, mchicha wa lengalenga, ndizi za kuchemsha, na viazi vya Senge. Meza kubwa ikajaa. Ikabidi samaki, sahani nzima ya vipande vyekundu, aende kwenye stuli, pembeni.

Elie aliona, akainuka kwa heshima, akamchukua samaki akamweka katikati ya meza, na ugali akauhamishia kwenye stuli.

"Unafanya nini?" Senge aliuliza.

"Ndivyo anavyoliwa, Senge. Salmoni ndiye chakula. Hivi vingine ndivyo vya pembeni. Ndivyo nilivyosema kwenye simu."

"Ugali ni wa pembeni?"

"Kwa salmoni, ndiyo."

"Mtoto huyu!" Senge aligeuka kwangu. "Umesikia, Reverien? Tangu nimezaliwa samaki ni mboga. Nyama ni mboga. Hata ng'ombe mzima ukimchinja ni mboga! Chakula ni ugali. Sasa ugali umekuwa kitu cha kusindikiza samaki!" Akauchukua ugali, akaurudisha katikati. Samaki akarudi kwenye stuli.

Nurudini muda wote huo alikuwa anabandua vanishi kwenye mkono wa kanzu kwa ukucha. Ghafla akasema, "Mama Leokadia, mshenga ni lazima atoke Norwe?"

"Atoke popote. Ila awe na mlango."

"Mlango wangu unaujua?"

"Nani asiyeujua? Umepakwa rangi ya kijani kama chura. Lakini wewe huwezi, Nurudini. Umealikwa na kaka yangu. Wewe ni wa upande wetu."

"Nimealikwa, kweli. Lakini nimekula nini hapa? Hata maji sijanywa."

Kwa Senge mtu ni wa upande ule ambao amekula kwanza chungu chake. Ndivyo alivyowahi kumtenga binamu yetu mmoja kwenye kikao cha shamba, kwa sababu alipitia kwa majirani akanywa uji. Alimtazama Nurudini, akautazama ugali.

Nurudini akasimama, akaenda kwenye stuli, akachukua pande la salmoni. Hakuchukua ugali. Hakuchukua hata kiazi. Alichukua samaki mtupu aliyeletwa na Elie, asiye na nyanya wala pilipili, akasema bismillahi, akala mbele yetu wote. Alitafuna polepole. Jasho lilimtoka, maana pande lile lilikuwa nono kama siagi. Alipomaliza alilamba vidole, akachukua kipande cha kiazi kitamu akakiweka kando ya sahani yake.

"Huyu ndiye chakula," alisema kwa heshima, akimwonyesha Senge yule samaki. "Na hiki," akakigusa kiazi, "ni cha pembeni."

"Astaghfirullah," nilijikuta nikisema mimi, Mkatoliki.

Nurudini akajifuta mdomo, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Tukasikia anakohoa, kikohozi cha mtu mwenye shughuli.

"Hodi wenye nyumba!"

Tulitazamana. Wa kuitikia alikuwa mmoja tu, na sote tulimgeukia. Senge alijipangusa magoti, akaketi wima kwenye lile kochi la mgeni, miguu pembeni ya beseni.

"Nani?" aliuliza, kwa sauti kali kuliko ilivyohitajika.

"Nurudini wa duka la vitambaa, mama. Nimetumwa na kijana mmoja wa Norwe. Amesikia kuna binti hapa."

"Akimtesa?"

"Mlango wangu uko wazi kabla ya alfajiri."

"Na ukihama?"

"Nihame niende wapi, mama, na wateja wote hawa wanaokopa?"

Senge alikunja uso ili asicheke, lakini mabega yalimsaliti. "Ingia."

Aliingia, na kabla hata hajakaa tukaanza kuona tulichojifanyia. Mtu yule aliyezoea kumuuzia kitambaa aliyeingia kuuliza njia sasa alikuwa upande wa pili. Alianza na tarehe. Sisi tulitaka baada ya mavuno, yeye akataka kabla likizo ya kijana haijaisha. Alimsifu Senge kwa viazi, akamsifu kwa afya, akasema mwanamke mwenye busara kama huyo hawezi kumchelewesha binti kwa sababu ya maharage yaliyo shambani. Mimi nilipojaribu kusema neno, alinikatiza kwa adabu nzuri mno hata nikamshukuru. Pelagia alinivuta shati, akanong'ona, "Ulikwenda kumleta mwenyewe."

"Kabla ya likizo kuisha," alisema Senge mwishowe, amechoka. "Lakini arusi ni hapa, na kanisani, na Mulenda asije na tai hiyo."

"Tai inaenda," alisema Mulenda, akaivua palepale.

Godeliva alitoka jikoni na birika la maji ya kunawa. Alipofika kwa Elie alimtazama usoni badala ya birika, nusu ya maji ikamwagikia viatu vya kijana, na yeye hakuvisogeza. Nikaombwa nibariki chakula. Nilifunga macho, nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, kwa sababu Bwana alikuwa amekwisha kunieleza.

Nilipofungua macho, Senge alikuwa amemega tonge la ugali, amelibonyeza kwa kidole gumba, na kwa tonge hilo alikuwa anachota pande la salmoni kutoka kwenye sahani ya Elie. Alitafuna. Akaongeza jingine.

"Mboga hii si mbaya," alisema. "Ila haina chumvi. Elie, mwanangu, sogea hapa karibu nikufundishe namna ya kuila."